Mfereji wa Baltazari

Asubuhi moja ya kiangazi naikumbuka mpaka kwenye nyayo, mwanangu. Ilikuwa baridi ile ya mwezi wa saba kwetu Ngara, ukungu umelala bondeni, nyasi zina umande unaouma kama upupu. Nilikuwa msichana, nimevunja ungo juzi tu, miguu mitupu, gauni moja, na nilikuwa nakimbia. Usiniulize habari za shule. Shule niliiachia darasa la nne nikabaki na kuni na maji. Lakini macho ninayo, na siku ile niliyatumia.

Mama yangu alikuwa anajifungua. Uchungu ulimwanza jana yake mchana, na alfajiri ile Mama Vero, jirani yetu, akatoka nje anafuta mikono kwenye kanga. Akanishika bega, akaniminya kama ananigombeza.

"Yustina, kimbia kwa shangazi yako. Mwambie mtoto ametanguliza mkono. Usisimame njiani, usicheke na mtu."

Utauliza, kwa nini shangazi na si zahanati? Kwa sababu kilikuwa kiangazi cha vita. Redio ilikuwa imeshasema tumeshinda, vigelegele vimeshapigwa, lakini wanaume wetu walikuwa hawajarudi. Baba alikuwa mgambo, alichukuliwa na wenzake. Mganga wa zahanati alikwenda, gari likaenda, hata machela ikaenda. Kijiji kilibaki cha wanawake, wazee na mbwa. Na Shangazi Skolastika, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mkunga wa kuaminiwa. Alikuwa anamgeuza mtoto tumboni kwa viganja vyake kama unavyogeuza ndizi kwenye majivu, taratibu, bila kuichubua.

Nikavuka bonde letu, nikavuka mfereji juu ya gogo, nikaushika mto Ruvubu kuteremka nao mpaka kwa Petro, mwanawe shangazi, alikokuwa anaishi. Nikamkuta shangazi anapuliza moto.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Unahema hivyo, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mama anajifungua. Mtoto ametanguliza mkono."

Akaacha moto. "Mkono wa kulia au wa kushoto?"

"Sijui."

"Basi umekuja na habari nusu. Nipe kile kikapu."

Akatia wembe mpya, kibuyu kidogo cha samli, kanga kuukuu, akachukua fimbo yake. Moto hakuuzima. Tukatoka.

Njia ya kando ya mto ilikuwa nyembamba, mafunjo huku, maji huku, na ukungu ulikuwa mzito, humwoni aliye mbele yako. Saa zile viboko ndio wanarudi majini kutoka malishoni, na kiboko ukimziba njia yake ya kwenda kwenye maji hakuulizi jina. Shangazi alikuwa mbele. Ghafla akanyoosha fimbo nyuma, ikanigusa kifua, nikasimama. Tukasikia kitu kizito kinavunja mafunjo, kinapumua. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa Kihangaza na kwa Kiswahili, nikidhani mojawapo atasikia haraka. Kile kitu kikapita mbele yetu, maji yakapiga kishindo, kimya.

"Twende," akasema. "Huyo naye ana kwake."

Hakuogopa, mwanangu. Nataka ulijue hilo kabla sijakueleza kilichofuata, usije ukadhani shangazi yangu alikuwa mwoga.

Tukafika mfereji unapoingia mtoni, pale kwenye gogo. Jua lilikuwa limeanza kuula ukungu, na ng'ambo nikaona mabati mawili matatu ya kijiji chetu, moshi unatoka. Nyumba yetu niliiona kabisa. Nikakanyaga gogo, nikavuka mbio, nikageuka kumpa shangazi mkono.

Shangazi hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshika kushoto, anapanda na mfereji, upande wake ule ule.

"Shangazi! Njia ni huku!"

"Ni yako hiyo. Yangu ni huku."

Mkono niliomnyooshea nikaurudisha. Maana habari za kiapo chake nilizijua, kila mtu alizijua. Ila nilidhani kwa siku kama ile kiapo kingekaa pembeni.

Ngoja nikueleze, nitakuwa mfupi. Miaka ya kuhamishiwa vijijini, watu waliambiwa wateremke kutoka kwenye vilima vyao wakae pamoja kwa mistari. Shangazi alikataa. Alikuwa mjane, na mumewe amezikwa pale pale nyuma ya nyumba, chini ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Siku moja akaja Baltazari, mtu wa kwetu hapo hapo, aliyekuwa amepewa ukubwa wa mgambo. Shangazi alikuwa shambani. Aliporudi alikuta paa linawaka. Alichookoa ni kinu tu, kwa vile kilikuwa nje.

Mwaka uliofuata Baltazari huyo huyo akasimamia kazi ya kuchimba mfereji, kukausha bonde ili watu walime maharage na viazi wakati wa kiangazi. Ulikuwa mfereji mzuri, nisiseme uongo, ulitulisha. Lakini siku ya kuufungua, Shangazi alikuja na udongo kiganjani, udongo wa kaburi la mumewe. Akasimama ukingoni mbele ya watu akasema: "Mfereji wa Baltazari mguu wangu hautauvuka. Nikiuvuka, nyumba nitakayoingia iingie kifo." Akaumwaga ule udongo miguuni pake, akaondoka, akaenda kuishi kwa Petro. Tangu hapo kila akija kwetu alizunguka bonde zima, mpaka kwenye chemchemi chini ya kilima, huko mfereji unakoanzia. Watoto walimfanyia mzaha kwamba anachunga mfereji usitoroke. Ni mwendo wa kufika jua limekaa utosini.

Basi sasa umetuona. Yeye ukingo ule, mimi ukingo huu, katikati maji. Upana wake, mtu mzima akilala anaujaza. Mbuzi angeruka. Tukaenda hivyo tunapanda na mfereji, kila mmoja kwake, na kila hatua kijiji changu kinabaki nyuma. Ningeweza kukimbilia nyumbani. Nikaenda kufanya nini? Mama Vero alikuwa amenituma nilete mikono ya shangazi, na mikono hiyo ilikuwa ng'ambo.

"Shangazi, vuka. Nakuomba."

"Sema mengine."

"Mama anakufa kule!"

"Unadhani sijui? Nikivuka naingia kwa mama yako na kifo mkononi. Ndicho unachotaka nimpelekee?"

"Kiapo ulikiapa wewe, si mama!"

"Ndiyo maana natembea. Tembea na wewe, punguza mdomo."

Mwanangu, mpaka leo sijui kama alikuwa anaogopa kiapo kweli au alikuwa amejificha nyuma yake. Pengine hata yeye hakujua. Hasira ikikaa na mtu miaka, inavaa nguo za heshima, mwenyewe anaiamkia asubuhi kama mkwe.

Kwenye matuta wanawake walikuwa wameshashuka kumwagilia maharage. Wakatuona. Mmoja akacheka, "Haya, mchunga mfereji kaja!" Mwenzake akamnyamazisha kwa kiwiko, maana alikuwa ameona uso wangu. Kisha nikaona binti wa Mama Vero anakata matuta mbio kutoka kijijini, anapunga kitambaa.

"Yustina! Mama anauliza mko wapi! Ule mkono wa mtoto umeanza kubadilika rangi! Umekuwa wa kijivu!"

Nikalia. Na nikamtupia shangazi yangu maneno ambayo mtoto wa kike hamwambii dada ya baba yake. Nilisema, "Mama akifa, kaburi lake nalo utalichotea udongo uapie?"

Sikuomba radhi siku ile, na siombi leo.

Shangazi alisimama. Kisha akaendelea kutembea, lakini sasa alikuwa anakwenda vibaya, anajikwaa kwenye mabonge ya matope yaliyotolewa mferejini.

Yale matope yalikuwa mabichi. Mbele kidogo kwenye kona tukamwona aliyekuwa anayatoa. Mzee, shati limelowa, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni kwenye baridi ile, anazibua mfereji kwa jembe. Baltazari. Ukubwa wa mgambo ulikuwa umeshamtoka kitambo. Mwanawe wa pekee alikuwa huko huko vitani na baba yangu, naye hakuwa na habari zake.

Alitutazama, mmoja huku, mmoja huku. Alikuwa amesikia kelele za yule binti. Bonde halifichi sauti.

"Mama Petro," akasema. "Vuka."

Shangazi akageukia upande wangu. "Yustina, mwambie huyo mtu sisemi naye."

Mimi sikumwambia mtu kitu.

Baltazari akayatazama matope yake ukingoni. Kisha akasema, "Mfereji ukifukiwa si mfereji." Akainua jembe, akaanza kurudisha yale matope ndani. Bonge, bonge, bonge. Alikuwa anaziba! Wanawake kwenye matuta wakapiga yowe, maana kila mtu alijua maana yake. Bonde letu liko chini, mfereji ukizibwa maji hayana subira, yanapanda kwenye matuta. Na maharage yale ndiyo yaliyokuwa chakula, hakuna mengine mpaka mvua.

"Baltazari, umerogwa?" mmoja akapiga kelele. "Unatuzamishia shamba!"

"Lizame," akasema, wala hakuinua kichwa. "Mwanamke anataka njia."

Nikayaona maji yanavimba. Yakapanda kingo, yakaanza kuingia kwenye mistari, yanalaza miche midogo, yanaizungukia polepole kama mtu anayechagua. Mwanamke aliyecheka mwanzo akapiga magoti topeni, anajenga ukuta kwa mikono. Na Baltazari anatupa tu matope, anahema, midomo imekuwa myeupe kwa baridi.

Nikamwangalia shangazi. Alikuwa anaangalia maharage. Akamwangalia yule mama aliyepiga magoti. Akaangalia kijiji, ule moshi. Nadhani ndipo alipoona kiapo chake kimefika wapi. Alikiapa peke yake, na sasa wote tulikuwa tunakilipa: mama yangu kitandani, mtoto asiye na jina, wanawake na watoto wao wa kulishwa, mpaka huyo mzee majini. Mtu mmoja tu alikuwa bado mkavu, naye ni yeye.

"Acha!" akapiga kelele. "Acha, mjinga wewe! Utaua chakula cha watu!"

Baltazari akaacha.

Shangazi akaweka kikapu kichwani. Fimbo akaitupa. Akateremka ukingo, mguu mmoja ndani ya maji, akashtuka kwa baridi, akasema kwa sauti ya kuitia mtu wa mbali, "Baba Petro! Udongo wako ulinisikia siku ile, unisikie na leo. Ninayevuka ni mimi, atakayelipa ni mimi. Huko ninakokwenda hakuna anayedaiwa!"

Akazama mpaka kiunoni. Matope yakamshika. Baltazari akanyoosha mpini wa jembe, "Shika." Shangazi hakuushika mpini. Alimshika yeye kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama unavyomkamata mwizi, na wakasimama hivyo ndani ya maji, uso kwa uso.

"Nyumba yangu uliichoma," akasema shangazi.

Miaka yote ile kila mtu akiulizwa alisema ni operesheni, ni amri, ni wakubwa. Baltazari alitazama chini, kisha akamtazama.

"Niliichoma. Mimi."

"Sijakusamehe."

"Najua, Mama Petro. Panda."

Akamsukuma kwa bega, mimi nikamvuta kwa juu, akatoka anatiririka maji na matope. Nyuma yetu nikasikia jembe linazibua tena na wanawake wanateremka kumsaidia. Hatukugeuka. Tulikimbia, mwanangu. Mwanamke wa umri ule, nguo zimemganda miguuni, alinipita.

Mama alikuwa hai. Shangazi aliingia na matope yake, akanawa mikono tu, akaniambia nishike taa karibu, mle ndani kulikuwa na giza hata mchana. Sitakueleza yote, mengine ni ya wanawake. Nitakwambia kwamba alifanya kazi kwa muda mrefu, jasho linamtoka na huku meno yanagongana kwa baridi, na kwamba mtoto alipotoka hakulia. Alimpuliza. Alimsugua kwa samli. Alimpiga. Akalia, sauti ndogo kama ya paka, na Mama Vero akaketi chini kwenye majivu kama aliyekatwa miguu.

Alikuwa wa kiume. Lakini ule mkono wa kulia uliotangulia, ule uliosubiri nje peke yake wakati sisi tunatembea na mfereji, ulining'inia. Haukuamka siku ile, haukuamka kamwe.

Baba alirudi miezi ilipopita. Alirudi mzima, mikono yake yote miwili, akamkuta mwanawe ana mmoja. Akakaa na mtoto magotini kwa muda. Watu walikuwa wanakuja kumuuliza vita vilimchukulia nini. Akawaambia, mimi huko sikuachwa na alama, alama nimeikuta nyumbani. Mwana wa Baltazari hakurudi.

Shangazi hakufa kwa kile kiapo. Aliishi miaka mingi, na kila alipokuja kwetu alipita kwenye gogo. Lakini alikuwa na desturi moja. Akifika pale alisimama, akapaza sauti bondeni, "Baltazari, navuka!" Na yule mzee, popote alipo kwenye matuta yake, alijibu, "Vuka!" Hakuna lingine walilosemezana. Hawakunywa pombe pamoja, hawakutembeleana. Siku shangazi alipozikwa, mzee alikwenda kusimama pale kwenye gogo peke yake, akasema "vuka" bila kuitwa.

Na mdogo wangu, Faustini, wengine wenu mnamjua. Ni yule fundi baiskeli wa Lusahunga, pale malori yanapopumzika. Anakaza spoki kwa mkono wa kushoto na meno, na mafundi wenye mikono miwili wanaleta kwake zilizowashinda. Ninajivunia yeye, siwezi kuficha. Lakini shangazi kila alipomuosha akiwa mdogo aliushika ule mkono mlegevu, akaubeba kwenye kiganja, akaniambia mimi, si yeye:

"Yustina, uuone vizuri. Huu ni ule mwendo wangu. Ukitaka kuapa, apa. Mtu akikuchomea nyumba utaacha kuapa? Lakini kabla hujafunga mdomo, angalia nani atalipa. Kama si wewe peke yako, meza."

Haya ndiyo niliyotaka nikupe, mwanangu. Siku hizi nasikia viapo kila ninapopita. Kwenye msiba dada mtu anasema sitakanyaga kwake mpaka nife. Ndugu wa tumbo moja wanazuiana kwenye simu. Baba anaapa kwamba mtoto wake aliyeolewa asikotaka hatamwona tena. Na wote mnadhani mmemfungia yule mliyemkasirikia. Hapana. Yule anakula, analala. Aliyefungiwa ni yule atakayekuhitaji siku usiyoijua, na bado hajazaliwa.

Sikwambii usamehe. Mimi si padri. Shangazi yangu hakusamehe, na wala simlaumu. Kasirika, ni haki yako. Mdai mtu akwambie usoni, "Ni mimi." Ila njia usiikate. Ukiwa na hasira vuka nayo, ilowe, uingie nayo ndani na matope yake, ilimradi mikono yako ifike kabla mkono wa mtoto haujawa wa kijivu.

Mungu akupe miguu isiyozunguka, mwanangu. Siku utakapoitwa na maji yako katikati, baridi isikurudishe. Akuweke ukingoni mtu wa kukuvuta, hata kama ni yule usiyempenda. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyesimama majini na jembe mkononi, mtu akapaza sauti kwamba anavuka, Mungu akupe pumzi ya kumjibu.